Chai Ilipoenda Benki Kutoa Ushahidi

Jumatatu asubuhi Rodah alifika mlango wa benki mjini Kericho, akavua gambuti zenye matope ya kwao Kabianga, akazitia kwa mfuko wa karatasi, akavaa viatu vyake vya kanisa. Soja wa mlango alimuuliza kama kwa mfuko kuna kisu au silaha yoyote. Rodah akasema ni gambuti. Soja akachungulia, akaona ni gambuti kweli, akamfungulia.

Kwa meza ya wateja alikuwa amekaa msichana anaitwa Moureen. Rodah akamwambia anataka kuhamisha pesa. Ni milioni moja na laki tatu, itoke kwa akaunti yake hapa, iende kwa akaunti ya Nyanchoka kwa ile benki nyingine ya ng'ambo ya barabara. Nyanchoka ni mama Mkisii aliyeuza ndizi sokoni Kericho mpaka watu wakasahau kwamba ana kazi nyingine yoyote duniani. Alikuwa na ekari moja huko Soin ambayo hakuwahi kuilima, kwa sababu ndizi hazikumpa nafasi, na sasa alikuwa anaiuza. Mwalimu fulani alikuwa ameiona akaitaka. Lakini Nyanchoka alimpenda Rodah, akamwambia atamngojea mpaka Jumatano jioni. Ikipita hapo hatajua tena atamwambia mwalimu nini.

Rodah aliitaka hiyo ekari kwa sababu moja. Kwa kikundi cha akina mama kanisani, mgeni wa semina alikuwa amewaambia kila mmoja ataje mali yenye jina lake. Rodah alifikiri, akasema sufuria mbili, beseni, na kiti cha plastiki. Alikuwa ameviandika jina kwa rangi ya kucha, kwa sababu vitu kama hivyo hupotea kwenye harusi na matanga. Wenzake walicheka, maana mali yao ilikuwa hiyohiyo, isipokuwa mmoja aliyeongeza thamosi. Tangu siku hiyo Rodah alitaka kitu kimoja chenye jina lake ambacho mtu hawezi kukibeba aende nacho.

Moureen alibonyeza kompyuta. Akasema pesa iko, hakuna shida, lakini ikishapita milioni moja sheria inataka mteja aonyeshe ilitoka wapi.

"Ilitoka kwa majani," Rodah akasema.

"Majani gani, mama?"

"Majani chai. Ile ya mwezi."

Moureen alikuwa mtoto wa mjini, lakini hata yeye aliijua ile ya mwezi. Kiwanda hulipa mara mbili. Kila mwezi hutoa kidogo, na mwaka ukiisha hutoa bonasi. Bonasi ni ya baba. Inaingia kwa akaunti ya baba, baba anapotea wiki moja, anarudi na koti jipya na maelezo. Ile ya mwezi ni ya chumvi, ndiyo mama huachiwa. Nicholas, bwana wa Rodah, alikuwa amemwachia hiyo ya mwezi tangu binti yao Cheptoo azaliwe, na sasa Cheptoo mwenyewe alikuwa na watoto. Nicholas hakuwahi kuuliza inafika ngapi. Ilikuwa pesa ya chumvi. Rodah alinunua chumvi, iliyobaki akaiweka, na chumvi haiishi haraka.

"Sawa mama," Moureen akasema. "Lakini lazima ulete kitu ya kuonyesha. Chanzo chenyewe. Sistemu haiwezi kuamini mdomo."

Rodah akauliza kama hicho chanzo kikija kitaruhusiwa kuingia. Moureen alikuwa ameshaanza kumwangalia mteja wa nyuma. Akasema ndiyo, kije tu, bora iwe saa za kazi.

Alasiri hiyo Rodah alikuwa shambani akichuna. Alikuwa na mazoea ya kuongea na chai, kama wanawake wengi wa upande ule, kwa sababu mikono ikiwa na kazi mdomo unabaki bure. Chai ilijua habari ya ndoa ya Cheptoo, ya ng'ombe aliyempiga daktari teke, na ya mama pasta aliyenunua kochi akasema ni zawadi. Siku hiyo Rodah akaiambia habari ya benki. Akasema wanataka kuona chanzo kwa macho, na Jumatano ikipita ekari inaenda kwa mwalimu. Chai haikusema kitu. Rodah hakutegemea iseme. Akajitwika kikapu, akaenda zake.

Asubuhi shamba lilikuwa tupu. Nusu ekari nzima ilikuwa mashimo, laini kwa laini, mstari baada ya mstari, na udongo mwekundu umegeuzwa vizuri kama unangoja viazi. Rodah alisimama pale na kikombe chake mkononi, akasikitika kidogo kwa sababu ya mbolea aliyotia wiki iliyopita. Halafu akaenda barabarani, akaikuta michai yote imesimama kando ya lami, imepangana minne minne kama watoto wa shule wanaoenda mashindano ya nyimbo. Ilikuwa inamngoja.

Nicholas hakuona kitu. Dirisha la sebule yake linaangalia boma la ng'ombe, na upande wa chai hakuwa na shughuli. Alikunywa uji, akauliza kama kuna sukari nyingine, akafungua redio.

Safari ilikuwa ya polepole. Ile michai ya zamani, ya mbegu, iliyopandwa na mama mkwe wa Rodah, ilikuwa mipana na mizito, ikitembea kama wamama wa kwaya waliovaa sketi mbili. Ile ya kloni, iliyooteshwa kwa vipandikizi, ilikuwa midogo, yote kimo kimoja, na kila mara ilitangulia mpaka Rodah akaiita ingoje. Yeye alikuwa nyuma na ufito. Karibu na chuo kikuu wanafunzi wawili waliokaa ukingoni mwa barabara walivuta miguu yao michai ipite, wakaendelea kubishana ni zamu ya nani kununua mandazi.

Kwa kizuizi cha polisi, afisa alisimamisha mchai wa mbele. Alitaka kujua kama haya majani yanapelekwa kwa mabroka wanaonunua kando ya kiwanda, kwa sababu kuwauzia mabroka ni makosa. Rodah akasema yanaenda benki. Afisa akauliza kufanya nini huko. Rodah akasema kutoa ushahidi. Afisa akatikisa kichwa. Akasema yeye mwenyewe mwaka huu ameitwa kortini kutoa ushahidi mpaka viatu vikaisha, na hakuna mtu aliyemrudishia nauli. Akainua chuma, wakapita.

Hapo ndipo Rodah aliona kwamba kuna michai ya ziada. Laini moja ya jirani, mzee Chepyegon, ilikuwa imejichanganya na yake. Kila Ijumaa Rodah huenda kwa Chepyegon kuchuna kibarua, na labda hiyo laini nayo ilidhani imeitwa. Alijaribu kuifukuza irudi. Ilirudi kidogo, ikangoja ageuke, ikafuata tena. Akaiacha.

Kule benki, soja wa mlango aliangalia msafara wote mpaka mwisho wake, akasema amri ni wateja ishirini ndani, wengine wangoje nje. Akapitisha kile chombo chake cha kutafuta chuma juu ya kila mchai ulioingia. Mmoja ulilia. Soja akatumbukiza mkono, akatoa kisu cha kupogolea ambacho Rodah alikipoteza mwaka juzi. Akakiweka kwa droo, akamwambia atakichukua akitoka.

Michai iliyobaki ilisimama kwa maegesho. Mama wa kukatisha tikiti alipita, akabandika stika kwa kila mchai uliojaza nafasi ya gari, na mchai mmoja wa mbegu uliokuwa umesimama mahali pa gari la meneja akaufunga mnyororo.

Ndani, michai ilichukua namba kwa mashine, ikapiga laini. Mama aliyekuwa nyuma yake alimuuliza Rodah kama yote ina shida moja au kila mmoja na yake. Rodah akasema ni moja. Huyo mama akaomba apitishwe, kwa sababu yeye anaweka mia tano tu. Michai ikampisha.

Nyanchoka naye akaja, kuona pesa yake ikianza safari. Alipata kiti cha kungojea katikati ya michai miwili. Nyanchoka alizaliwa kwa chai huko Nyamira, na ndizi zilikuwa hazijamtoa hiyo tabia. Huku anamweleza Rodah vile mwalimu amepiga simu tena asubuhi, vidole vyake vilikuwa vinachuna, majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, anatia kwa mkoba.

"Mama Cheptoo, hii imefika," akasema. "Ukiiacha mpaka kesho itakomaa."

"Wacha kwanza," Rodah akasema. "Iko kazini."

Mchana mvua ikanyesha. Kericho hunyesha kila siku baada ya chakula, kwa hivyo hiyo haikuwa habari. Lakini hii mvua ilikuwa imezoea kunyeshea chai hii, na ilipoikosa Kabianga ilikuja mjini kuitafuta, na ilipoipata ndani ya benki ikanyesha ndani ya benki. Nje kulikuwa na jua. Wateja walifungua miavuli. Msichana wa kaunta ya mwisho alifunika noti na nailoni. Moureen alichapa maelezo ya chanzo akiwa amejifunika koti kichwani, akauliza "michai" iwekwe wapi, kwa sababu kwa orodha ya kompyuta kulikuwa na mshahara, biashara, urithi na mengineyo. Akaiweka kwa mengineyo.

Meneja aliitwa. Jina lake ni Ongeri, mtu mpole mwenye tai, na mama yake alimsomesha kwa kuchuna majani. Alizunguka michai, akaangalia juu yake palivyo sawa kama pamepigwa pasi, akasema hii imetunzwa. Halafu akaeleza kwamba kwa utaratibu, chanzo lazima kimtambue mteja. Akamwomba Rodah anyooshe mikono.

Rodah akanyoosha. Michai yote ikainama. Haikuinama sana, ni kiasi tu cha mtu anayesalimia mama yake mbele ya watu. Machipukizi yakasogea mpaka yakagusa vidole vyake. Huko nje ile ya maegesho nayo ikainama, pamoja na ule wa mnyororo, na gari moja likapiga king'ora halafu likanyamaza. Hata laini ya mzee Chepyegon iliinama.

Ongeri alikohoa. Akasema tangu aanze kazi ya benki hajaona chanzo kinachoeleweka namna hii, maana watu wa mamilioni kwa kawaida huleta karatasi tu. Akamwambia Moureen aweke tiki. Moureen akaweka. Halafu akaangalia skrini, akasema kuna kitu kimoja kimebaki, namba ya mkulima.

Rodah akaitaja bila kufikiri, vile amekuwa akiitaja kila siku ya kupima majani tangu aolewe.

Moureen akaichapa. "Inaleta Nicholas," akasema.

"Ni bwana yangu."

"Basi chanzo ni cha Nicholas."

Rodah akasema Nicholas hajawahi kuchuna. Hakulisema kwa ubaya. Alilisema vile mtu husema fulani hali mayai. Akaweka mikono yake mezani, ile ya vidole vyeusi kwa utomvu wa majani, weusi ambao hautoki hata kwa sabuni ya unga na mchanga. Ongeri aliiangalia kwa heshima. Akasema mama yake alikuwa na mikono kama hiyo, na alizikwa nayo hivyo hivyo.

"Lakini mama," akasema, "kwa sistemu hakuna mahali pa mkono. Kuna mahali pa namba."

Akampigia Nicholas simu. Nicholas akasema chai yake iko nyumbani. Ongeri akamwomba aende aangalie. Ilichukua muda, kwa sababu alianza kwa kuelekea upande wa mahindi. Halafu akarudi kwa simu, akasema ni kweli haiko, na kama iko benki yeye anakuja sasa hivi, maana hiyo ni mali yake.

Alikuja na bodaboda, amevaa koti la bonasi ya mwisho. Nicholas hakuwa mtu mbaya. Alisalimia kila mtu kwa mkono, hata wale waliokuwa kwa mashine ya pesa wakichapa namba za siri. Akamwita Ongeri mkubwa, akamwita Moureen binti yangu, akamuuliza Nyanchoka ndizi ni bei gani siku hizi. Wakamwambia kuna milioni moja na laki tatu.

"Ya chumvi?" akamuuliza Rodah.

"Ya chumvi."

Nicholas akafurahi kabisa, furaha safi, kama mtu aliyeambiwa ana mtoto mwingine ambaye ameshasoma na kuajiriwa. Akasema kila siku anawaambia watu kwamba chai inalipa.

Ongeri akaeleza kwamba kwa utaratibu, mkulima naye lazima atambue chanzo chake. Nicholas akasema hiyo ni kazi rahisi. Akaingia katikati ya michai. Michai haikumsukuma wala haikumkaribisha. Ilisimama tu, vile watu husimama wakimngoja mtu wa kusoma mita ya stima amalize aende. Akapita ile ya mbegu. Akapita ile ya kloni. Akafika kwa kona, mahali benki ilikuwa imeweka mti wa plastiki ndani ya chungu cheupe. Akasimama hapo, akauwekea mkono.

"Hii," akasema, "nilipanda na mkono yangu mwenyewe. Mama yangu akiwa hai."

Nyanchoka aliinama, akatafuta kitu kwa mkoba wake kwa muda mrefu. Moureen alimwangalia Ongeri. Ongeri akauangalia mti wa plastiki, akaangalia skrini, akasema vizuri, mzee ametambua. Moureen akaweka tiki.

Baada ya hapo mambo yalienda mbio. Pesa kubwa lazima itoke kwa mwenye chanzo, kwa hivyo milioni moja na laki tatu zilitoka kwa akaunti ya Rodah zikaingia kwa ya Nicholas, zikatoka kwa ya Nicholas zikavuka barabara kwenda kwa ya Nyanchoka. Kwa Nicholas hazikukaa, zilipita tu. Lakini risiti haiandiki kwamba pesa ilikuwa inapita. Inaandika imetoka kwa nani. Na wakili wa juu ya duka la viatu, ambaye mkataba wa ekari ulikuwa tayari kwake, huandika mnunuzi kulingana na risiti.

Nyanchoka alikataa. Akasema yeye shamba lake amemuuzia Mama Cheptoo, wala hajamuuzia mtu wa koti. Ongeri akasema ana haki ya kukataa, pesa irudi ilikotoka, yaani kwa Nicholas, halafu amuuzie mwalimu. Nyanchoka akamgeukia Rodah, akamngoja aseme yeye.

Rodah akamgeukia bwana yake. "Nilitaka iandikwe jina langu," akasema.

"Si ni kitu kimoja?" Nicholas akasema. "Yangu ni yako. Kwani unataka kuenda nayo wapi, mama?"

"Kama ni kitu kimoja, andika langu."

Nicholas alilifikiria hilo. Alilifikiria kwa bidii, kila mtu aliona. Alivua hata kofia. "Sasa watu watasema nini," akasema mwishowe. "Shamba iko Soin na mwenyewe ni bibi. Si watadhani nimekufa?"

Moureen akacheka, halafu akakumbuka yuko kazini. Rodah hakucheka. Mvua ilikuwa imeisha na michai ilikuwa inadondosha maji kwa sakafu, ikimwangalia, kama michai inaweza kuangalia. Ilikuwa imemaliza kazi iliyoitiwa. Rodah akamwambia Nyanchoka achukue pesa. Akasema ni afadhali ekari imjue hata kama karatasi haimjui. Nyanchoka akasema hayo ni maneno ya mtu aliyechoka. Rodah akasema ndiyo, amechoka.

Kabla hawajatoka, Ongeri alikuwa ameshatuma tangazo libandikwe mlangoni, kwamba vyanzo vya pesa vitumie mlango wa nyuma na visije wakati wa chakula cha mchana. Lilisaidia sana. Wiki hiyohiyo mwanamke wa Sigor alileta ng'ombe wake wa maziwa, wakamtambua, wakamlamba mpaka kitambaa cha kichwa kikatoka, na ikaonekana kwamba wameandikishwa kwa shemeji yake. Mwingine wa Soin alikuja na miwa. Benki iliweka mfereji na chombo cha maji huko nyuma, na Moureen akapewa gambuti za kazi. Watu walisifu huduma. Kwa orodha ya kompyuta, mahali pa namba palibaki palepale.

Lakini siku hiyo ya Jumanne, Nicholas ndiye aliyelipa pesa ya kufungua mnyororo wa ule mchai wa mbegu. Alilipa bila kulalamika, akaupigapiga, akasema mali ni shida. Halafu akabaki mjini. Alikuwa na miadi ya nyama na rafiki yake Zack, na sasa alikuwa na la kumwambia.

Rodah akashika njia na michai yake. Nyanchoka aliwasindikiza mpaka nje ya mji. Walipoagana alimrudishia Rodah majani yaliyokuwa kwa mkoba, akampa na gunia lililokuwa limebeba ndizi, akamwambia akienda Soin ampigie simu, ataenda kumwonyesha kwa mkono wake mpaka wa shamba, ili aliyeonyeshwa awe Rodah. Halafu akarudi sokoni.

Majani yalikuwa yamefika kweli, na mvua ya benki ilikuwa imeyaamsha. Mikono ilianza yenyewe. Rodah alitembea akichuna, kushoto na kulia, na michai ikapunguza mwendo ili isimpite, na iliyomaliza kuchunwa ilirudi nyuma ikaachia mingine nafasi. Laini ya Chepyegon hakuigusa, kwa sababu siku yake ilikuwa bado. Hiyo ilitembea pembeni, imenyamaza. Gunia likajaa kabla hawajafika Kabianga. Kwa njia panda akaiambia michai itangulie nyumbani, kila mmoja uingie kwa shimo lake kukiwa bado kuna mwangaza, usije ukaingia la mwenzake. Ikaenda. Kloni mbele, mbegu nyuma.

Kwa kituo cha kupimia, lori la kiwanda lilikuwa limechelewa kama kawaida, na karani bado alikuwepo. Alitundika gunia kwa mizani, akatoa jani moja, akaligeuza. Akasema chai imependeza leo, ni mbolea gani. Rodah akasema ilipata mvua ya mjini. Karani akasema hiyo husaidia.

"Namba?" akauliza.

Rodah akamwangalia. Alikuwa kijana mzuri, mtoto wa Rodah mwingine wa kule chini, na kalamu alikuwa ameshaiweka tayari. Nyuma yake kulikuwa na wamama wengine na magunia yao, kila mmoja ameshika kiuno, kila mmoja na namba ya mtu mdomoni. Rodah akaitaja. Karani akaichapa kwa mashine, na mashine ikatuma ujumbe mahali inapotuma kila siku.

Huko Kericho, Nicholas alikuwa ameshika mfupa simu ilipolia. Akafuta vidole kwa karatasi, akasoma kilo, akasoma tena, halafu akaisukuma simu mezani ili Zack naye aone.

"Ona hapo," akasema. "Leo nimechuna vizuri."